Waifai imejaa barazani, bandani inaganda

Habari za kazi, mafundi wa safu hii.

Natunza mahesabu ya kampuni ya nje nikiwa nyumbani, Rau, Moshi. Nyumba imejaa: watoto, mama mkwe, na televisheni isiyozimwa. Nyuma kuna bustani ya migomba na miparachichi, na humo tumejenga kibanda cha mabati kilicho wazi pande tatu. Kina taa moja na soketi moja. Pale ndipo ninapotaka kufanyia kazi, asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Ruta ya faiba iko sebuleni, upande wa barabarani. Kutoka ukuta wa nyuma wa nyumba hadi bandani ni kama mita 35 kwa kupima hatua. Bandani simu inaonyesha mistari miwili ya waifai, lakini vikao vya video vinaganda, sauti inakwaruza, na programu ya mahesabu inanitupa nje katikati ya kazi. Mvua ikinyesha ndiyo balaa kabisa.

Muuzaji mmoja aliniuzia kifaa cha kuongeza waifai, nikakichomeka barazani. Sasa mistari imejaa lakini kasi imeshuka. Fundi mwingine anasema ninunue ruta ya antena nane. Wa tatu anataka kuvuta waya hadi bandani na kupitisha humo humo umeme wa betri ya ruta, ili TANESCO wakikata niendelee na kazi. Ninayo ruta ya zamani kabatini, ya mtandao tuliouacha. Nimsikilize nani? Nina laki tatu, na sitaki kuzitupa.

Mama Kivulini, Rau, Moshi

*

Mama Kivulini,

Fundi wa tatu amepatia nusu: waya uvutwe, lakini umeme usipite humo kwa njia anayoitaka. Wa antena nane achana naye. Tuanze na kipimo ambacho hakikugharimu kitu, kwa sababu huenda tatizo haliko bustanini kabisa.

Chomoa kwanza kile kifaa cha barazani. Kaa bandani na kompyuta yako, saa zile zile unazofanyia kazi. Kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows andika cmd, dirisha jeusi likifunguka andika ping -n 200 192.168.1.1 kisha bonyeza Enter. Hiyo ndiyo anwani ya ruta nyingi. Kama yako ni nyingine, utaikuta kwenye kibandiko chini ya ruta. Kompyuta itaipigia hodi ruta mara 200, karibu kila sekunde moja. Ikimaliza, rudia kwa 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje ya nyumba yako.

Majibu ya ruta yakirudi chini ya milisekunde 10 bila hata moja kupotea, huku ya nje yakipotea au kuruka kutoka 60 hadi 800, waifai yako ni nzima. Shida iko kwenye laini ya mtoa huduma, na hakuna waya wala antena itakayoiponya. Peleka matokeo hayo kwao. Lakini majibu ya ruta yenyewe yakipotea, hata 5 tu kati ya 200, au yakipanda hadi mamia ya milisekunde, shida ni hapo nyumbani. Kwa maelezo yako tunategemea utakuta hili la pili. Pima hata hivyo, maana wapo wanaochimba mtaro wa mita 40 ili kufikisha bustanini intaneti ambayo hata sebuleni ilikuwa mbovu.

Kipimo cha pili ni nguvu ya mawimbi. Mistari ya simu haikuambii mengi. Pakua programu ya kupima waifai kwenye simu ya Android, ikupe namba kwa dBm, kipimo cha nguvu hiyo kwa desibeli. Namba hizo ni hasi, na inayokaribia sifuri ndiyo nzuri. Kando ya ruta utaona kama -35. Kwa vikao vya video unahitaji -67 au bora zaidi. Ikifika -75 picha huanza kuganda, na -80 ni kubahatisha.

Mita 35 za hewa tupu si kitu kwa waifai. Kinachokuumiza ni vilivyo katikati. Kila mawimbi yanapopoteza desibeli 10, sehemu tisa kati ya kumi za nguvu zimekwenda, na ukuta mmoja wa tofali za bloku huweza kula kiasi hicho peke yake. Kutoka sebule ya mbele hadi bustani ya nyuma una kuta mbili au tatu. Halafu kuna migomba: jani la mgomba ni maji matupu, na maji hunyonya mawimbi ya waifai, likiwa limelowa zaidi. Ndiyo sababu ya balaa lako la mvua. Mabati na simtanki lililojaa navyo huzuia, kwa hiyo angalia kama tanki la maji haliko kwenye mstari kati ya nyumba na kibanda.

Kile kifaa cha barazani hakina ubovu, kimewekwa pabaya tu. Mistari iliyojaa inaonyesha nguvu kati ya simu yako na kifaa. Haionyeshi hali ilivyo kati ya kifaa na ruta, na huko ndiko kunakochechemea: kinapokea mawimbi dhaifu na kuyarusha upya yakiwa na kasoro zake zote. Tena kama ni cha bei ya kawaida, redio ile ile inasikiliza kisha inarudia, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu hata pale hali ikiwa nzuri. Wakati unasubiri waya, kihamishie ndani, kwenye dirisha la chumba cha nyuma, mahali ambapo simu inasoma -60 hadi -65 kutoka kwenye ruta. Hakitakupa raha, ila kitapunguza kero.

Kuhusu antena nane: waifai ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta ikipewa sauti kubwa, kompyuta yako bado ina antena ndogo ndani ya kifuniko chake na nguvu ile ile ya kujibu. Utaona mistari mitano na kikao bado kinaganda, kwa sababu wewe unaisikia ruta lakini yenyewe haikusikii. Hii ni biashara inayomaliza fedha za watu wengi.

Sasa waya. Waya wa mtandao wa Cat5e au Cat6 (majina ya madaraja yake) unabeba mawasiliano hadi mita 100 bila kifaa cha kati. Wewe utahitaji mita 50: 35 za bustani, na zilizobaki za kupita ndani ya nyumba, kupanda, kushuka, na kuacha mita mbili za akiba kila upande. Cat5e inakutosha, tofauti ya bei ya Cat6 ielekeze kwenye ubora. Nunua wa nje, wenye ganda jeusi la plastiki inayostahimili jua. Ule wa kijivu au bluu wa ndani hupasuka ganda juani, maji yakaingia, na ukaanza kusumbua masika ya kwanza bila wewe kuona jeraha lolote.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akate kipande, umenye uzi mmoja na kuukwangua kwa wembe. Ukiwa mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukitoka rangi ya fedha, ni alumini iliyopakwa shaba: ni mwepesi, wa bei rahisi, hukatika kwenye kichwa cha kuchomekea na hupitisha umeme kwa shida. Usiuchukue kwa kazi ya nje.

Usikatize waya katikati ya matuta. Ufuate ukuta, kisha ukingo wa njia ya miguu, hata kama unaongeza mita tano. Adui namba moja wa waya wa bustani ni jembe, panya na fuko wanafuata. Upitishe ndani ya bomba la plastiki la waya la milimita 25, sentimita 45 chini pale panapolimwa, na 25 zinatosha kando ya njia. Acha kamba ya nailoni ndani ya bomba, ili siku moja uvute waya mpya bila kuchimba tena. Kabla ya kufukia kabisa panga vipande vya tofali juu ya bomba. Jembe likigonga tofali mlimaji atasimama. Kama kuna mfereji wa maji njiani, bomba lipite chini ya sakafu yake likiwa zima, lisiungwe hapo. Na mtaro huu usiwe mmoja na wa waya wa umeme unaokwenda bandani: acheni angalau sentimita 30 kati yake. Pale waya unapoingia nyumbani, toboa ukuta kwa mteremko wa kuelekea nje, na uuache waya uning'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda, ili maji yadondokee hapo badala ya kuufuata hadi kwenye ruta.

Vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vya kuchomekea, vifungwe kwa mpangilio mmoja pande zote mbili. Ukikishika kichwa kwa namna ambayo ulimi wa plastiki uko chini na waya unaingia kutokea kwako, rangi zinakwenda hivi kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tazama hapo katikati: bluu inaingia kati ya jozi ya kijani. Mafundi wa haraka hupanga jozi kwa jozi, kijani na kijani, bluu na bluu. Kipimo chenye taa nane kitawaka zote vizuri, fundi atalipwa na kuondoka, kisha waya utapoteza data ukifika mita 30, kwa sababu nyuzi zilizosokotwa pamoja ili kuzuia kelele zimetenganishwa. Simama hapo na uhesabu rangi mwenyewe. Msokoto nao usifunguliwe zaidi ya sentimita moja na kidogo.

Ruta ya kabatini sasa inapata kazi. Ibonyeze tundu la kurejesha mipangilio kwa pini, sekunde 10, ikiwa imewashwa. Iunganishe na kompyuta kwa waya mfupi, fungua 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari, kisha:

1. Tafuta sehemu ya namna ya kufanya kazi. Ikiwa ina chaguo la Access Point (kurusha waifai tu), lichague, hifadhi, chomeka waya unaotoka nyumbani, na uruke hatua mbili zinazofuata.
2. Kama haina, badilisha anwani yake ya LAN (mtandao wa ndani) isifanane na ya ruta kubwa. Kubwa ikiwa 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2.
3. Zima DHCP, kazi ya kugawia vifaa anwani. Chomeka waya unaotoka nyumbani kwenye tundu la LAN, wala si la WAN (la intaneti ya nje).
4. Chaneli: ya nyumbani iwe 1, ya bandani 11, upana MHz 20 kwenye masafa ya GHz 2.4. Kama inayo GHz 5, tumia chaneli 36 hadi 48.

Ukisahau kuzima DHCP, ruta mbili zitakuwa zinagawa anwani kwa wakati mmoja. Leo kompyuta inafanya kazi, kesho simu ya mama mkwe inaandika imeunganishwa lakini hakuna intaneti, na kila mtu anamlaumu mtoa huduma. Ukisahau kubadilisha anwani, zote mbili zitagombania namba moja na utapoteza hata njia ya kuingia kwenye mipangilio.

Jina la waifai ya bandani lifanane na la nyumbani au litofautiane? Wengi watakuambia lifanane, ili simu ihame yenyewe. Kwako tunaona litofautiane. Wewe unakaa sehemu moja siku nzima, na kompyuta nyingi hung'ang'ania jina zuri la kwanza zililolikuta, kwa hiyo ukitoka jikoni ukaketi bandani itaendelea kushikilia mawimbi mabovu ya sebuleni. Ipe jina la Bustani, uunganishe kwa mkono mara moja, yaishe. Tena bandani unaweza kuchomeka waya moja kwa moja kwenye kompyuta siku ya kikao kikubwa. Ndiyo njia isiyoganda kuliko zote.

Iweke ruta chini ya paa la kibanda, mita 2 hivi kutoka chini, kwenye nguzo na si imeshikana na bati. Juani bati huwa kikaango na ruta itajizima. Ikae ndani ya boksi la plastiki lenye matundu madogo upande wa chini, uyazibe kwa wavu wa mbu. Joto lake linawavutia sisimizi na mijusi, na mjusi mmoja aliyejibana kwenye kiunganishi cha umeme anatosha kuiua.

Tufike kwenye umeme wa kupitisha ndani ya waya. Ruta nyingi, huenda na yako, zinataka volti 12. Uzi wa waya wa mtandao ni mwembamba. Hata ukitumia nyuzi mbili kwenda na mbili kurudi kwa mita 40, upinzani ni kama omu 3.4. Ruta ikivuta ampea 1, volti 3.4 zinapotelea njiani, bandani zinafika kama 8.6. Itawaka, taa zitapepesa, halafu itajizima na kujiwasha kila watu wakiongezeka kwenye waifai, na utadhani ni virusi. Kwa waya wa alumini upotevu unazidi hapo kwa zaidi ya nusu. Vifaa vya PoE halisi (umeme ndani ya waya wa mtandao) hukwepa hili kwa kupeleka volti 48: nguvu ile ile ya wati 12 inahitaji robo ampea tu, na kinachopotea hakifiki volti moja. Lakini hiyo inahitaji kifaa cha waifai kilichotengenezwa kwa PoE. Usiichomeke ruta ya kabatini humo, na usichanganye kifaa cha volti 24 na chaja ya 48.

Kwa kuwa soketi ipo bandani, rahisi zaidi ni betri ndogo mbili za ruta, moja sebuleni na moja bandani. Hakikisha volti ya betri inalingana na iliyoandikwa kwenye chaja ya ruta, maana zipo ruta za volti 9. Ukisoma mAh 10,400 (ujazo wa betri) kwenye boksi usihesabu kwa volti 12. Hizo ni za seli za volti 3.7, yaani kama wati-saa (Wh) 38. Ukitoa upotevu zinabaki kama 32. Ruta ya bandani inayokula wati 7 itakaa saa nne na nusu. Sebuleni, ruta na boksi la faiba kwa pamoja zikila wati 12, ni saa mbili na dakika arobaini hivi. Soketi ya bandani yenyewe ikaguliwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, aweke swichi ya usalama inayokata kwenye miliampea 30. Ekstensheni iliyofukiwa udongoni ni hatari ya kifo, na bustani nyingi zinayo.

Radi hatuwezi kuiruka, hasa ukanda huu wa mlimani. Mita 50 za shaba kati ya majengo mawili hupokea mshtuko hata radi ikipiga mbali. Vizuizi vya radi vya RJ45 vinafanya kazi kama tu vimeunganishwa na fimbo ya shaba ardhini. Bila hiyo ni pambo. Ukisikia ngurumo, chomoa waya pande zote mbili, pamoja na chaja. Anayetaka kulala bila wasiwasi avute faiba ya mita 50 iliyofungwa vichwa tayari na vigeuzi viwili vya kubadili umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme, kimoja A na kingine B, vikiwa jozi. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Pata bei zote mbili kabla hujachagua, kwani mtaro na bomba ni vile vile.

Ukimaliza, rudia ile ping ukiwa bandani. Kwa waya, majibu ya ruta yawe milisekunde 1 bila upotevu. Kompyuta ikionyesha kiungo cha Mbps (megabiti kwa sekunde) 100 badala ya 1,000, jozi ya bluu au ya kahawia haijashika, au ruta ya zamani ndiyo mwisho wake. Kwa kazi yako Mbps 100 zinatosha. Ikionyesha 10, rudisha fundi afunge vichwa upya.

Mwisho, akiba. Faiba ikikatika, taa ya LOS (ya kupotea kwa mawimbi) kwenye boksi la faiba huwaka nyekundu na hakuna unachoweza kufanya zaidi ya kupiga simu kwa mtoa huduma. Weka laini ya mtandao mwingine kwenye simu, uijaribu ukiwa umekaa pale pale bandani, maana mnara unaoshika vizuri barabarani huenda usishike chini ya miparachichi. Unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, itachaji huku ikitoa intaneti. Kikao cha video kinachotumia Mbps 2 kwenda na 2 kurudi kinakula kama GB 1.8 kwa saa, kwa hiyo bando la GB 1 litaisha baada ya nusu saa hivi. Zima kamera, ubaki na sauti. Na kwenye Windows, ingia mipangilio ya muunganisho huo na uuwekee alama kuwa una kikomo cha data, la sivyo masasisho yatalimeza bando lako kabla hujawasalimia wenzako.